Mawe Matano ya Verediana

Marahaba, wajukuu. Naanza na marahaba kwa sababu mlipokuja kwangu hapa Murukulazo mliniamkia vizuri, mkaketi kwenye jamvi, mkala viazi vyangu bila kubagua. Kisha mkatoa madodoso yenu. Ninyi ni wanafunzi wa saikolojia, mmetumwa kupima hulka za wazee, na swali la kwanza lilikuwa kama mimi ni mtu mchangamfu, kwa kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano. Nikasema andikeni tatu. Je, mimi ni mtu wa wasiwasi? Andikeni tatu. Mwenye bidii? Tatu. Mwenye huruma? Tatu, wajukuu, andikeni tatu. Binti mmoja mwenye miwani akamnong'oneza mwenzake kwamba bibi amechoka. Bibi hakuwa amechoka. Bibi alikuwa anajibu kama anavyojibu mtu yeyote wa Ngara aliyelelewa na mama yake, na alikuwa anangoja mumuulize kwa nini. Mkafunga mikoba mkaaga.

Basi nimekaa kuwaandikia, maana hayo maswali nimeyabeba mimi kabla hamjazaliwa. Nimeyasoma kwa sauti chini ya maturubai, kwa watu wengi kuliko mtakaowahi kuwauliza. Msinitafutie funzo humu. Ningekuwa nalo ningekuwa nimeshalitumia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Rulenge. Wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, mashirika yalihitaji wakalimani, na sisi Wahangaza tuna bahati hiyo, kama ni bahati: Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana. Jana yake tulikuwa tunapalilia maharage mabondeni, halafu ghafla kukawa na kambi kubwa kuliko mji wowote niliowahi kuuona, vilima vimefunikwa maturubai ya bluu na miti yote imekwenda kuwa kuni. Shirika moja likanichukua nimsaidie mwanasaikolojia wao, Daktari Salehe.

Daktari alikuwa mtu wa Tanga. Baridi yetu ilimtesa, akavaa sweta mbili mpaka saa sita mchana. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kusikiliza, cha kwangu cha shule kilimchekesha, na alipenda kunitania kwamba Wahangaza tumezitia r na l katika gunia moja tukatikisa. Mimi nilimtania kwamba mtu aliyekuja kupima roho za watu hawezi hata kupanda kilima bila kupumzika mara tatu. Alikuwa mtu mwema. Nawaambia mapema ili msije mkamtafuta mbaya wa habari hii, maana hata mimi nimemtafuta kwa miaka mingi sikumpata.

Yeye ndiye aliyenifundisha yale mnayofundishwa ninyi madarasani, na alinifundishia garini, tukingoja dereva afunge gurudumu au tope likauke. Wataalamu hawakubaliani, alisema. Wapo wanaosema hulka ya mtu ni mafungu machache tu ambayo kila mtu anayo, tofauti ni kiasi: uchangamfu, upole kwa wenzako, bidii na utaratibu, wasiwasi, na ule wepesi wa kupokea mambo mapya. Wapo wanaosema rudi utotoni, kila kitu kilianzia mapajani mwa mama. Wapo wanaosema achana na habari za ndani, mtu ni yale aliyozoezwa kwa kutuzwa na kuchapwa. Na wapo wanaosema mtu hubadilika na mahali alipo, kwamba mpole wa kanisani ndiye huyohuyo anayepiga wenzake viwiko kwenye foleni ya maji. Nilimwambia hao wa mwisho wangekuja kambini, wangepata kazi ya kuwatosha maisha.

Kuhusu vipimo alinipa mfano ambao naukumbuka hadi leo. Chukua kamba, alisema, pima shamba leo, pima kesho, pima mwakani. Ikikupa urefu uleule kila mara, kamba ni nzuri, haidanganyi. Lakini kama ulichotaka kujua ni rutuba ya udongo, kamba hiyo itakupa jibu lilelile zuri kila siku na hutakuwa umejua kitu. Muwe mnajiuliza hilo. Wengi wenu mtajisifu kwamba kamba yenu hainyumbuki.

Sasa, watu wengi wa kambini hawakuwa na mazoea ya kujipa namba, kwa hiyo Daktari aliamua tutumie maharage. Tunaweka bakuli la maharage mbele ya mtu, tunamuuliza swali, naye anatoa haragwe moja kama jambo hilo ni dogo kwake, na anaongeza mpaka matano kama ni kubwa. Nilimwambia maharage ni chakula. Akasema ndiyo maana watayazoea. Basi wiki ile kambi nzima ilikuwa na watu wachangamfu ajabu, wenye bidii isiyo na kifani, wenye wasiwasi kupita kiasi na wakati huohuo watulivu kupita kiasi. Kila swali matano, na wakiondoka wanafunga maharage yao kwenye pindo la khanga. Bibi mmoja alitubariki, akauliza kesho tuna maswali mangapi. Daktari alicheka, akaagiza tubadilishe tuweke kokoto. Tulipoweka kokoto watu wote walishuka wakawa na tatu. Hakuna aliyetaka kuonekana anajitanguliza. Kwetu wanasema kizuri chajiuza, na mtu anayejisifu mbele ya wageni ametangaza kwamba kwao hakuna wa kumsifu.

Daktari alikuwa pia na kadi zenye madoa ya wino, mnazijua. Unamwonyesha mtu doa, anakuambia anaona nini, nawe unachungulia moyoni mwake. Mzee wa kwanza aliigeuza kadi, akaitazama nyuma, akamwambia Daktari kwa upole kwamba wino wake umemwagika. Tukacheka. Wa pili alisema anaona mtu amelala. Wa tatu, mtu amelala, na pale pembeni mwingine. Tulipofika wa saba au wa nane hatukuwa tunacheka tena, kwa sababu wote waliona watu wamelala, na hakuna aliyesema neno jingine. Daktari alizifunga zile kadi kwenye mfuko wa nailoni na sikuziona tena.

Mambo madogo ya kazi nitawapa hapahapa kabla sijafika ninakokwenda. Keti chini kuliko unayemuuliza. Usimuulize mtu siku ya mgao wa chakula, roho yake iko kwenye foleni. Usimuulize yeye ni mtu wa namna gani, muulize jana alifanya nini na juzi alifanya nini, halafu nyamaza. Tazama mikono kuliko mdomo. Haya yote niliyajua mapema, na Daktari aliyajua vizuri kuliko mimi, na wajukuu, hayakusaidia kitu.

Kulikuwa na watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Wengi waliokotwa na watu baki, wakaingia nao kambini, wakalala nao turubai moja. Ofisi ya kambi ikataka kujua nani anafaa kubaki na mtoto na nani hafai, maana kulikuwa na watu waliochukua watoto kwa ajili ya mgao, na wengine kwa sababu mbaya zaidi. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Ikaundwa kamati, na kamati ikamwomba Daktari awapime hulka walezi wote. Alikataa mara ya kwanza. Akawaambia kipimo hiki kimetengenezwa kwa watu wa mbali, tatu ya huko siyo tatu ya hapa, na hatujui hata mtu wa kawaida wa hapa anasimama wapi ili tumlinganishe na mwenzake. Wakamwuliza angehitaji muda gani kujua. Akasema miaka. Wakamwambia watoto hawana miaka. Usiku huo hakula, mwenyeji wake aliniambia, na asubuhi akakubali, kwa kuwa asipofanya yeye angeletwa mwingine ambaye hata wasiwasi huo hana.

Hivyo ndivyo tulivyomfikia Verediana.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa mwili, asiyeongea. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekufa wote upande wa pili, na hilo tulilijua kwa majirani, si kwake. Kabla ya kufika mpakani alimkuta mtoto wa kike ameketi kando ya barabara, karibu na watu ambao hawakuwa wakiamka, akamfunga mgongoni akaendelea kutembea. Tulipowakuta, mtoto alikuwa na umri wa kutembea na kukimbia, lakini bado alishinda mgongoni. Nywele zake zimechanwa. Ngozi inang'aa, na mafuta ya mgao yalikuwa kidogo kiasi kwamba ukiona ngozi ya mtoto inang'aa unajua kuna mtu hajaunga mboga.

Daktari akaweka kokoto. Nikamuuliza Verediana kama anampenda mtoto huyu, kwa kiasi gani. Akachukua jiwe moja, akaliweka kwenye jamvi. Akalitazama. Kisha akalirudisha bakulini.

"Huyu ni takataka tu," akasema. "Nimeokota njiani. Sijui hata kama atafika mahali."

Na hivyo ndivyo alivyomwita, wajukuu. Jina la mtoto lilikuwa hilohilo, neno la kwao ambalo kwa Kiswahili ni Takataka. Wakati anasema hayo, mkono wake ulikuwa umeshika wayo wa mtoto kwa nyuma, na kidole gumba kinapita juu ya ule wayo taratibu, kinakwenda na kurudi. Je, mtoto anakufurahisha? Hapana jiwe. Je, unaona atakuwa mtu wa maana? Hapana jiwe. Je, ungehuzunika akichukuliwa? Aliinua uso akanitazama mimi, siyo Daktari, kana kwamba nimemtukana mbele za watu. Hakuweka jiwe.

Nilitafsiri kila neno kama lilivyosemwa, ndiyo kazi ya mkalimani. Tulipotoka nje nikamshika Daktari mkono wa sweta, nikamweleza na maana yake. Nikamwambia kwetu, mama aliyefiwa na watoto hamsifu anayebaki. Hasemi ni mzuri, hasemi anampenda, hampi jina linalopendeza. Kifo kina masikio, kikisikia mahali kuna kitu kizuri kinakuja kukichukua. Mimi mwenyewe, ndugu wawili walionitangulia kuzaliwa walikufa, na mpaka siku ya ubatizo mama yangu aliniita kinyesi cha mbuzi, na hakuna mtoto aliyependwa pale kilimani kuliko mimi. Mwanamke huyu hajasema hampendi mtoto. Amesema anampenda kiasi kwamba anaogopa kusikika.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema bibi yake mzaa baba, huko Tanga, aliitwa Mashaka, na hakuwahi kufikiri kwa nini.

Kwa hiyo msiseme hatukujua. Tulijua siku ileile.

Daktari akapata wazo, na ni wazo zuri, liko hata kwenye vitabu vyenu. Nyani haoni kundule, alisema, na mtu si shahidi mzuri wa nafsi yake. Tuwaulize wanaomjua. Turubai za jirani na Verediana zilikuwa za watu wa kilima kimoja naye, wamemjua tangu msichana. Tukawaita mmoja mmoja, tukawapa madodoso yaleyale, tukabadilisha maneno kidogo: je, mtu huyu ni mpole, je, mtu huyu ana huruma.

Lakini kwenye dodoso lile kulikuwa na maswali ya mtego, mnayajua hayo pia. Yanachomekwa katikati ili kuwakamata wanaopamba. Je, mtu huyu amewahi kusema uongo? Je, amewahi kukasirika bila sababu? Kila binadamu amewahi. Anayesema hapana anajulikana kwamba anapamba, na majibu yake mengine yanatiliwa shaka.

Majirani walikuwa wamesikia kwamba mtoto wa Verediana yuko hatarini. Wakafanya kile ambacho watu wa huku hufanya wanapoitwa kumdhamini mtu wao mbele ya wageni, kama ndugu wa bibi harusi mbele ya wakwe. Pale hakuna kupima maneno. Bibi harusi hajawahi kuchelewa kuamka, hajawahi kuunguza ugali, na anayetaja kasoro moja tu ameuza ndugu yake. Basi wakaja. Verediana hajawahi kukasirika. Verediana hajawahi kusema uongo, hata akiwa mtoto. Mzee mmoja aliapa kwamba hata usingizini hatamki neno baya, na mkewe, aliyekuwa akingoja zamu yake, akamvuta shati amwulize amejuaje. Mawe matano, matano, matano, wakaomba na mengine. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akayakusanya madodoso, akakaa nayo magotini, na mimi nikaelewa kabla hajanieleza. Mizani ilikuwa imesema mashahidi wote ni waongo.

Kamati ilikaa kwenye hema kubwa. Daktari alizungumza muda mrefu. Alisema jibu la Verediana ni desturi, alisema majibu ya majirani ni desturi, akaeleza habari ya kidole gumba kwenye wayo wa mtoto. Mama aliyeongoza kamati alikuwa amechoka, macho mekundu, mbele yake majalada ya watoto yamepangana kama matofali. Hakuwa mkali.

"Daktari," alisema, "ukinipa namba halafu ukaniambia nisizisome, umenipa nini?"

Daktari akaketi. Jibu la swali hilo nimelitafuta muda mrefu kuliko yeye. Kama wangesikiliza desturi kwa Verediana, wangeisikiliza kwa wote, na wale wabaya nao wangeleta desturi zao. Ndivyo ilivyoandikwa: mlezi hana mapenzi kwa mtoto, mashahidi hawaaminiki. Mtoto akapelekwa kwa mwalimu mmoja wa kambini, Anastazi, na mkewe. Hao walikuwa na majibu mazuri kuliko wote. Anastazi alisomea ualimu, mtihani hakuuogopa, na kila mahali alipotakiwa kuweka nne aliweka nne, siyo tatu, siyo tano. Alisema wazi anapenda watoto. Sina neno baya juu yake, alikuwa mtu mstaarabu.

Siku ya kumchukua mtoto nilikuwepo, nitafsiri. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Verediana hakulia. Alimfungua mgongoni, akakunja ile khanga mara nne vizuri, akamwekea mfanyakazi wa shirika mikononi, akasema, "Haya, mchukueni takataka wenu." Mfanyakazi akaandika kwamba hakuonyesha hisia yoyote. Nililiona likiandikwa. Baadaye kila siku ya maji nilimwona Verediana ameketi kwenye bomba la upande wa kina Anastazi, mbali na kwake, na ndoo tupu. Mtoto akipita na mama mpya, yeye anatazama ndoo.

Huenda mngependa nisimame hapo. Mimi mwenyewe ningependa.

Wakati ulifika serikali ikasema wakimbizi warudi kwao. Watu wakaogopa, wakafunga mizigo, wakaondoka kambini wakielekea ndani ya nchi, njia ya Biharamulo, barabara nzima imejaa vichwa na magodoro. Askari wakawazuia mbele, wakawageuza, na mto ule wa watu ukaanza kurudi kuelekea mpakani, huku wengine wa nyuma bado wanakuja. Pale katikati walikokutana hakuna mtu aliyekuwa na hulka. Daktari angekuwapo ningemwonyesha.

Anastazi alikuja kwenye ofisi yetu akiwa hana kiatu kimoja. Akasema mkono wa mtoto ulimponyoka. Alikuwa na mzigo, na mkewe mjamzito, watu wakasukuma, akageuka, mtoto hayupo. Alilia sana, akatuomba tumsamehe, na nilimwamini kila neno. Hisia alizionyesha zote. Kisha akaenda zake na wenzake mpakani, maana askari walikuwa hawamngoji mtu.

Habari kambini haihitaji mjumbe. Kesho yake nikiwa garini nilimwona Verediana barabarani. Maelfu wanashuka kuelekea daraja la mpakani, yeye peke yake anapanda kuelekea Biharamulo, anapita kwenye ukingo, anainama kutazama uso wa kila mtoto. Dereva alipiga honi. Nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Basi hapo, wajukuu, mngekuwa na kipimo mikononi mngemwekea ngapi?

Baada ya kambi kufungwa nilifanya kazi Biharamulo miaka mingi, nikiwashauri wanafunzi mashuleni. Sikwenda huko kwa ajili ya kazi tu. Nilizunguka vijiji, kwa Wasubi, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, nikiuliza kama kuna aliyeokota mtoto wa kike wakati ule. Nilijifunza kwamba waliookota ni wengi. Hakuna aliyeniambia ukweli wote, na sikuwalaumu, maana mgeni anayeuliza habari za mtoto kwa adabu kubwa ndiye wa kuogopwa. Siku moja sokoni niliona msichana mkubwa, wa umri ambao mtoto yule angekuwa nao, anauza ndizi, ngozi yake inang'aa. Mama yake alikuwa anamgombeza, anamwita mjinga asiye na faida. Nikamsogelea huyo mama. Nilipomuuliza akaniambia amemzaa mwenyewe. Nikanunua ndizi nikaondoka.

Daktari Salehe alirudi kwao hata kabla ya watu kuanza kuondoka. Aliniandikia mara moja kwamba ameacha kupima watu, anafundisha hesabu.

Sasa lile la mwisho. Ilikuwa mchana, siku ambayo tulikuwa tunabomoa hema la ofisi. Kambi imebaki miti iliyosimikwa na matambara, kunguru kila mahali. Madodoso yote yalishapakiwa. Verediana akatokea peke yake kutoka njia ya Biharamulo, mgongoni hana mtoto, miguu imepasuka, midomo imekauka. Nyuma yake alikuja askari kijana aliyekuwa akiwakusanya waliobaki, lori linangoja. Nikampa maji. Hakunywa kwanza. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la kokoto lililokuwa limeachwa juu ya sanduku, akaniambia nimuulize tena.

Nikamwambia kazi imekwisha. Akasema nimuulize tena, sasa anajua kujibu. Askari akataka kusema kitu, nikamwinulia mkono akanyamaza. Tuliketi chini kwenye udongo, mimi na yeye, nami nikalitafuta lile swali kichwani kwa sababu karatasi haikuwepo. Nikamuuliza kama anampenda mtoto huyu.

Akaweka jiwe. Akaweka la pili na la tatu. Alipofika la tano hakuacha, akalikung'uta bakuli lote, kokoto zikamwagika miguuni pangu. Kisha akasema kwa sauti, juani, mbele ya askari na kunguru, mwanamke aliyezika wote aliowazaa: "Ninampenda. Ni mtoto mzuri. Ni mzuri kuliko watoto wote." Alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa woga wa kuyasikia maneno hayo. Nilimshika mikono.

Akangoja. Aliponiona siandiki, akauliza Daktari yuko wapi, aitwe aje aone. Nikamwambia Daktari hayupo tena. Akauliza wale wa kamati. Nikamwambia nao wameondoka. Alizitazama zile kokoto chini, akaanza kuzihesabu kwa kidole upya, polepole, kana kwamba huenda amesahau kuweka moja.

"Mwalimu," akaniuliza, "na safari hii nimekosea wapi?"

Askari akaja akamshika bega, akampandisha lorini.